Bi Mwahija na Pampasi za Wanaanga

Bi Mwahija akiinuka mahali alipokaa, iwe kwenye mkeka, kwenye kiti cha plastiki au juu ya mbuzi ya kukunia nazi, hupitisha kiganja pale alipoondoka, mara moja, kama mtu anayefuta vumbi. Kisha mkono huohuo huurudisha nyuma, akaishika khanga yake chini ya kiuno, akaivuta ikae sawa. Hufanya hivyo asubuhi akimaliza chai, hufanya hivyo adhuhuri, hufanya hivyo hata akiwa peke yake uani na kuku wake. Majirani wa Mchinga wameizoea ishara ile mpaka wameipa maana yao.

"Mtazameni Bi Mwahija," huwaambia binti zao. "Usafi ule! Hawezi kuondoka mahali asipaache pasafi."

Naye huwaitikia kwa tabasamu dogo huku moyo ukimwenda mbio, maana kiganja kile hakifuti vumbi. Kinatafuta unyevu.

Mkojo ulikuwa unamtoka. Ulimtoka kidogo kidogo, bila kumwomba ruhusa: akikohoa, akipiga chafya, akinyanyua ndoo, na zaidi ya yote akicheka. Ulianza baada ya uzazi wake wa mwisho, uzazi wa mtoto mkubwa kupita kiasi, aliyemtesa kwa uchungu mrefu mpaka mumewe, marehemu Idd, akakimbilia kutafuta gari. Mwanzoni alidhani ni mambo ya uzazi tu, yatakwisha kama yalivyokwisha mengine. Hayakwisha. Mtoto yule akakua, akamaliza shule, akaenda Dar es Salaam kuwafuata ndugu zake, na mama akabaki na kile alichoachiwa. Miaka ilivyozidi, nayo yakazidi.

Akajifunza kuishi nayo. Alikata khanga kuukuu vipande, akavikunja, akavivaa. Alivifua kabla jua halijachomoza na kuvianika jikoni nyuma ya kuni, vinuke moshi, visinuke kitu kingine. Alipunguza kunywa maji. Kwa kila swala alitawadha upya, kama alivyowahi kumsikia sheikh akifundisha kuhusu watu wenye udhuru wa namna hiyo. Somo lile alilisikiliza akiwa nyuma ya pazia, bado msichana, akawaonea huruma watu hao.

Yote hayo angeyabeba kama si kazi yake. Mafuta ya nazi aliyouza kwa chupa yalikuwa ya kumpatia chumvi na sabuni tu. Kazi yake hasa, ile iliyomfanya ajulikane toka Mchinga mpaka Lindi mjini, ilikuwa ukungwi. Yeye ndiye aliyekaa ndani na mwari, wiki nzima kabla ya harusi, akamfunda. Alifundisha kuoga, kufukiza udi, kutandika kitanda, kunyamaza na kusema. Na kila mwari aliyepita mikononi mwake alimwachia neno moja: "Mwanamke hanuki. Na ya chini hayasemwi."

Sasa mfikirie mtu huyo, mwenye neno hilo, amekaa ndani ya chumba kimoja na mwari wiki nzima, mlango umefungwa.

Aliacha kwenda baada ya maulidi moja ya Mingoyo. Walikuwa wamejaa wanawake sebuleni, wamekaa kwenye majamvi, na mwanamke mmoja mcheshi akasimulia kisa cha mume wake na mbuzi wa jirani. Bi Mwahija alicheka. Alijizuia, akabana, lakini alicheka. Walipoinuka kwenda kunawa mikono, pale alipokuwa amekaa palionekana duara la maji. Mwenye nyumba akaliona.

"Nani kakojoa hapa?"

Karibu na pale alikuwa amesimama mjukuu wa mwenye nyumba, kasichana kadogo, hata meno hayajaanza kung'oka. Bibi yake alikavuta mkono, akakazaba kofi. "Kikojozi wewe! Kubwa zima!" Mtoto alilia kwa mshangao kuliko kwa maumivu. Alitazama huku na huku, akimtafuta mtu wa kumwambia kwamba si yeye. Macho yake yakamkuta Bi Mwahija, aliyekuwa ameshika bakuli la pilau. Bi Mwahija akageuza uso.

Tangu siku ile hakukanyaga tena shughuli ya mtu. Wakimwalika, anaumwa. Wakimfuata, ana wageni. Watu wakasema ana kiburi, watoto wa Dar wanamtumia pesa, hana shida na mtu. Aliwasikia, akawaacha waseme. Kuitwa mwenye kiburi kulimwia nafuu.

Mtu pekee aliyeingia na kutoka nyumbani kwake alikuwa Batuli, mtoto wa marehemu kaka yake. Batuli alikuwa amemaliza chuo kikuu Dodoma, ualimu wa fizikia, na huku akisubiri ajira alikuwa akijitolea kufundisha sekondari ya pale karibu. Alikuwa msichana wa vitabu. Sauti yake ilikuwa ya kuomba radhi hata alipokuwa anasalimia, na mbele ya darasa ilimkauka kabisa. Kwa hiyo mwalimu mkuu, Benedicto, alipomkabidhi klabu ya sayansi ya kila Alhamisi na kumwambia awaeleze wanafunzi habari za anga za juu, Batuli alipata dawa yake: alikuja mchana kwa shangazi, akakaa mkekani na daftari na simu, akamfundisha yeye kwanza.

"Shangazi, jifanye wewe ndiye kidato cha pili."

"Haya, mwalimu. Shikamoo mwalimu."

"Shangazi bwana!"

Bi Mwahija alikuna nazi zake na kusikiliza. Ndivyo alivyokuja kujua kwamba kuna kituo kinachoizunguka dunia mfululizo, kilomita kama mia nne huko juu, na ndani yake kuna watu wanaolala, wanaokula na kufanya kazi. Alijua kwamba kuna wanne wanaojiandaa kwenda kuuzunguka mwezi, jambo ambalo halijafanywa na mtu tangu yeye mwenyewe hajazaliwa, na mmoja wao ni mwanamke. Siku Batuli aliposimulia habari za wawili walioondoka duniani kwa safari ya siku nane, chombo chao kikaleta mashaka, wakabaki huko juu miezi tisa, Bi Mwahija aliiweka nazi chini.

"Siku nane zikawa miezi tisa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Hiyo si safari, mwanangu. Hiyo mimba."

Wakacheka wote wawili. Bi Mwahija alicheka amekaza mapaja, kisha akainuka, akapitisha kiganja kwenye ubao wa mbuzi, akaenda jikoni na kukaa huko kitambo.

Mwezi wa Novemba, korosho zikiwa zimeshaanza kuuzwa na watu wakiwa na furaha zao, alikuja mdogo wake, Hafsa. Alikuja amejitanda khanga mpya, na bahasha ya ubani wa kumwalikia kungwi mkononi. Binti yake, Maimuna, amechumbiwa.

"Dada, sina maneno mengi. Kungwi ni wewe."

Bi Mwahija alianza na miguu. Miguu inamvimba. Kisha akasema presha. Kisha akasema siku hizi wapo makungwi vijana, wanajua mambo ya kisasa.

Hafsa alimwacha amalize. "Watoto wa watu baki umewafunda. Wa Mingoyo umewafunda, wa Lindi umewafunda. Kwa wa tumbo la mdogo wako ndipo umepata presha?"

"Hafsa, sikiliza—"

"Naambiwa kila mchana mko hapa na Batuli mnasoma mambo ya mwezini. Presha haipandi hapo? Mwezini unafika, kwangu hufiki." Akakunja bahasha yake. "Kama unamdharau mwanangu, niambie hivihivi, nijue. Nitakwenda kutafuta mtu wa barabarani aje amfunde, na watu wataniuliza, na mimi nitawajibu kuwa dada yangu yupo, mzima, ameketi."

"Simdharau, Hafsa. Wallahi simdharau."

"Basi ni nini?"

Bi Mwahija alifungua mdomo. Alilitafuta neno, akaliona lilipo, akashindwa kuliinua. "Nipe siku," akasema.

"Nakupa mpaka Ijumaa ijayo," Hafsa akasema, akaondoka bila kunywa chai.

Siku ya pili yake Batuli akaja na somo jipya. Alikaa, akakohoa kidogo kama anavyofanya kabla ya kuanza, akasoma kutoka kwenye daftari: "Leo tutajifunza namna wanaanga wanavyojisaidia."

Mkono wa Bi Mwahija ulisimama ndani ya nazi.

Batuli aliendelea, macho kwenye maandishi. Akasema kule juu maji hayashuki, yanaelea, kwa hiyo choo chao huvuta kwa upepo. Mkojo hukusanywa, ukasafishwa, wakaunywa tena kama maji, na wataalamu wameshafika mahali pa kurudisha karibu yote, asilimia tisini na nane. Anayetoka nje ya kituo kufanya kazi hukaa ndani ya lile vazi saa nyingi bila kuweza kulivua, basi huvalishwa pampasi. Mwaka 2021 kuna wanne waliorudi duniani choo chao kikiwa kibovu, wakavaa pampasi safari nzima. Na zamani, mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kurushwa angani alicheleweshwa amefungwa ndani ya chombo mpaka mkojo ukambana. Akaomba ashuke, wakamkatalia, wakazima umeme wa vipimo vilivyobandikwa mwilini mwake, wakamwambia ajikojolee humohumo.

"Akafanya hivyo," Batuli akasoma, "na akaenda. Akarudi akiwa shujaa. Shangazi, hapa nimeandika tucheke kidogo. Unaonaje, watacheka?"

Bi Mwahija hakucheka. Uso ulikuwa umemwaka moto mpaka masikioni.

Ni lazima kuelewa alikolelewa. Kwao mtu haambiwi jambo usoni. Huimbiwa kwenye taarabu, huvaliwa khanga yenye maneno yake, husemewa kuku anapopita: wewe kuku, kila siku kwangu, kwenu hakuna pumba? Na mwenye kusemwa hujijua. Bi Mwahija mwenyewe alikuwa fundi wa lugha hiyo, na aliwafunda wari wake waijue, wasiwe wajinga huko waendako. Sasa jana kaja Hafsa na hasira zake, na leo msichana huyu, asiyewahi kutamka neno la chooni mbele ya mkubwa, kafungua daftari na kusoma habari za watu wazima wanaojikojolea na kuvaa pampasi. Hiyo sayansi? Wamekaa wakapanga. Hafsa anajua. Na kama Hafsa anajua, Mchinga yote inajua, na hao wanaosifu usafi wake wanasema vile wakikonyezana.

Akainuka. Alianza kupitisha kiganja kwenye mbuzi, akagundua anachokifanya, akaurudisha mkono kama aliyeungua.

"Kichwa kinaniuma," akasema. "Funga daftari lako."

Kesho yake alivaa khanga aliyoinunua miaka mingi nyuma kwa ajili ya jirani aliyemsengenya, yenye maneno makali, akaigeuza ili maandishi yamwelekee Batuli kila anapopita. Batuli alimsifu kwa rangi. Mchana, paka alipojinyoosha mkekani, Bi Mwahija alimsemea kwa sauti: "Paka wewe! Kula ule kwangu, kulala ulale kwangu, halafu umcheke mwenye nyumba!"

Batuli akainua macho kutoka kwenye kitabu. "Kwani paka kafanya nini, shangazi?"

"Muulize mwenyewe."

Batuli akamtazama paka, akamtazama shangazi, akarudi kitabuni. Msichana yule alikuwa amesoma kila kitu isipokuwa lugha ile. Lakini alielewa kwamba amenuniwa. Siku zilizofuata alikuja, akasalimia, akajaza maji kwenye mapipa, akaondoka bila kufungua daftari.

Ikafika Alhamisi, siku ya klabu. Jioni, jua bado likiwa juu ya minazi, Batuli aliingia uani na mkoba wake wa vitabu, akakaa mkekani bila hata kuvua viatu. Alikuwa amelia njiani. Uso ulikuwa umeoshwa na kufutwa kwa ushungi.

"Wameniita Madam Pampasi," akasema.

Bi Mwahija alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua mchele. "Nani?"

"Darasa zima. Nilisoma lile somo. Walicheka, nikadhani wanacheka vizuri. Kumbe ndiyo basi, hawakunyamaza tena. Mmoja akapiga meza, wengine wakaitikia, Madam Pampasi, Madam Pampasi. Mwalimu mkuu akaja kusimama mlangoni." Sauti ilimkatika. "Nilikuja kukujaribishia wewe, ukanuna. Ningejua ndiyo maana, nisingelisoma. Nilidhani nimekuudhi kwa kitu kingine."

Bi Mwahija aliacha mchele. "Hafsa hakukwambia kitu?"

"Kitu gani?"

"Kabla hujasoma lile somo. Hamkukaa mkazungumza?"

"Shangazi Hafsa? Mimi hata hanipendi, anasema vitabu vitanikosesha mume." Batuli alimtazama kwa macho mekundu yasiyo na kitu ndani yake isipokuwa mshangao. "Somo nimelitoa kwenye simu. Nilitaka waone kwamba na wale ni watu. Nilidhani wewe ndiye utaelewa."

Bi Mwahija aliinamisha kichwa kwenye ungo. Aliona aibu ya aina nyingine, aibu isiyohusu khanga wala mkeka. Alikuwa amemvalia mtoto wa kaka yake khanga ya matusi. Alikuwa amemtukana kupitia paka.

"Huyo mwalimu mkuu kasema nini?" akauliza, kwa sauti ya kutaka kumliwaza.

Batuli alifuta pua. Halafu, kama wanavyofanya watu wenye haya wanapokuwa na mtu mmoja tu wanayemwamini, akasimama, akatoa tumbo mbele, akaweka mikono nyuma na kuunguruma kwa sauti nzito ya Mwalimu Benedicto: "Madam Batuli! Nilikwambia uwapeleke wanafunzi mwezini. Sikukwambia uwapeleke chooni!"

Ilikuwa sauti yenyewe hasa, na lile tumbo lilikuwa tumbo lenyewe, kutoka kwa msichana aliye mwembamba kama mchicha. Bi Mwahija alipigwa na kicheko kabla hajajiandaa. Hakubana. Hakupata muda. Alicheka mpaka ungo ukamtoka mapajani, na ndani ya kicheko hichohicho akahisi uvuguvugu ukimshuka na kuenea chini yake.

Akanyamaza ghafla. Akasogea pembeni, kiganja kikaenda mkekani chenyewe.

Batuli alikuwa ameshaona. Duara lilikuwa linapanuka kwenye ukindu, jeusi, karibu na punje za mchele zilizomwagika. Palikuwa na kikombe cha maji pale, cha kunywea. Batuli alikipiga kwa mguu, kikabingirika.

"Aa, shangazi, samahani!" akasema haraka. "Nimemwaga maji mimi. Mkono wangu, sijui mguu, yaani mimi..."

Kikombe kilikuwa na maji nusu. Hayakufika hata karibu na lile duara. Batuli alisimama na uwongo wake mbovu, anasubiri kugombezwa kwa kosa ambalo si lake.

Bi Mwahija angeweza kusema, angalia unapokanyaga. Maneno yalikuwa tayari, mepesi. Badala yake aliona sebule ya Mingoyo na uso wa mtoto unaotafuta mtu.

"Si maji," akasema.

"Ni maji, shangazi, kikombe—"

"Batuli. Si maji. Ni mimi."

Hakulia. Batuli alipokimbilia tambara la kupigia deki, alimnyang'anya. "Acha. Nafuta mwenyewe." Akapiga magoti, akafuta, mgongo amewapa kuku na Batuli na dunia nzima. Akafuta na pale palipokuwa pameshakauka. Batuli aliokota mchele punje moja moja, akauweka kwenye ungo, asiseme kitu. Kama angesema pole, Bi Mwahija angemfukuza.

Baadaye sana, ameshaoga na kubadili khanga, akiwa ndani ya mlango na Batuli nje kwenye kizingiti ili wasitazamane, Bi Mwahija akauliza: "Hao watu wako. Wakirudi, hilo la pampasi wanamwambia nani?"

"Wanaandika vitabuni, shangazi. Watoto wa shule wanawauliza, wanawajibu."

"Na mwanamke naye?"

"Naye."

"Hana haya?"

Batuli alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu asichokijua. "Labda anazo. Anavaa, anakwenda kazini."

Bi Mwahija akavuta khanga mabegani. "Kesho unafundisha?"

"Baada ya leo? Kesho naumwa."

"Basi tutaumwa wote. Utanipeleka Lindi."

Hospitalini walikaa kwenye benchi refu na watu wengi. Karani wa mapokezi, kijana mwenye kalamu sikioni, aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka getini: "Mama, tatizo lako?"

Benchi zima likageuka kusikiliza. "Presha," akasema Bi Mwahija.

Basi akapimwa presha. Muuguzi aliyempima, mama wa makamo aitwaye Cecilia, alisoma kipimo, akakisoma tena. "Presha yako nzuri kuliko yangu, mama. Haya, mlango umefungwa. Umekuja na nini?"

Ilimchukua muda. Aliianza hadithi mara tatu na mara tatu aliiacha kwenye miguu inayovimba. Mwishowe alilisema akitazama ukuta, kwa maneno ya kitoto, kwa sababu maneno ya kikubwa alikuwa hanayo. Hakuwahi kufundishwa, wala hakuwahi kuyafundisha.

Cecilia hakushangaa. Alimpeleka kwa daktari, daktari akampima. Wakamweleza kwamba misuli inayobeba kibofu imelegea tangu uzazi ule. Kuna mazoezi ya kuikaza, ya kila siku, na yanataka subira. Kuna kifaa cha kushikilia kwa ndani. Yote yakishindwa, kuna upasuaji, na kwa huo atapewa barua ya kwenda hospitali kubwa. Hawakumwahidi kwamba itaisha yote. Walimwambia itapungua. Wakati wa kumfungia bahasha ya maelezo ya mazoezi Cecilia akauliza ina muda gani, na aliposikia umri wa yule mtoto wa mwisho, aliguna.

"Miaka yote hiyo! Nani alikwambia unyamaze?"

Bi Mwahija alikuwa na jibu, lakini hakulitoa. Alitoka nalo nje, akasimama nalo kivulini na Batuli wakisubiri gari la Mchinga. Ya chini hayasemwi. Alijaribu kuwahesabu wari wake, akashindwa; walikuwa wengi mno, na karibu wote wameshazaa. Wangapi kati yao wanaanika vitambaa nyuma ya kuni? Wangapi wameacha kwenda maulidini, na watu wanasema wana kiburi? Neno lile walipewa na yeye, kwa mkono wake, pamoja na udi na kioo, nao wakalipokea kwa heshima kwa sababu alikuwa msafi.

Alifunika uso kwa ushungi, hapo barabarani, mchana kweupe, watu wakipita.

Batuli alisimama kando yake ameshika bahasha ya hospitali. Tangu jana hakuwa ameuliza kitu. Hakuuliza imeanza lini, hakuuliza kwa nini alinuniwa, wala nini kilisemwa ndani ya chumba cha Cecilia. Lakini ile ilikuwa Ijumaa, siku Hafsa aliyoitoa, na adhana ilikuwa imeshapita. Akakohoa kidogo, kama anavyofanya kabla ya somo.

"Shangazi, kwa Maimuna utakwenda?"

Bi Mwahija alishusha ushungi.

"Nitakwenda," akasema. "Ila Hafsa nitamwambia kwanza. Na mwari naye nitamwambia."